Mwongozo kamili wa kulinda kiinitete cha ng'ombe wa maziwa: kuanzia maandalizi ya kupandisha hadi siku ya 60 ya mimba

Malalamiko ya wafugaji ni yale yale kila msimu: ng'ombe amehimilishwa (amewekewa mbegu ya dume na mtaalamu) mara ya tatu, mtaalamu amelipwa mara ya tatu, na bado mnyama anarudi kwenye joto, yaani anataka kupandwa tena. Mfugaji humlaumu mhimilishaji, mhimilishaji huilaumu mbegu, na aliyeuza mbegu husema kosa ni la lishe. Mara nyingi wote wanajadili jambo ambalo halikuharibika. Kwa ng'ombe mwenye afya aliyepandishwa kwa wakati wake, yai hutungishwa takriban mara 85 hadi 90 kwa kila mara 100, ilhali wanaofika kuzaa kutokana na upandishaji mmoja ni karibu nusu, na kwa ng'ombe wa maziwa mengi huwa pungufu ya hapo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni viinitete, yaani mimba changa kabisa, vilivyotungwa vikafa, na vingi kati yake hufa kabla ya siku ya 17, wakati ambapo hakuna dalili yoyote ya nje.

Kwa hiyo mwongozo huu haufundishi namna ya kumfanya ng'ombe ashike mimba. Unafundisha namna ya kuifanya mimba iliyoshika idumu. Umeandikwa kwa mfugaji mwenye ng'ombe wachache wa Friesian, Ayrshire, Jersey au chotara wao, anayetumia uhimilishaji. Mbuzi, kondoo na nguruwe hufuata misingi hiyo hiyo, lakini siku zao ni tofauti, hivyo tarakimu za hapa zisitumike kwao.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari la kumbukumbu lenye ukurasa wa kila ng'ombe: tarehe ya kuzaa, tarehe za joto, tarehe na saa ya kupandishwa, jina na namba ya dume, magonjwa na dawa alizopewa.
- Kalenda ya ukutani yenye nafasi ya kuandika, itundikwe bandani na si sebuleni.
- Kipimajoto cha kupimia mwili wa mnyama kupitia njia ya haja kubwa.
- Chumvi ya madini ya ng'ombe wa maziwa (si chumvi ya kawaida peke yake), na chombo cha kuiwekea kisichopigwa na mvua.
- Chanzo cha nguvu katika lishe: pumba za mahindi, molasi au saileji. Chanzo cha protini: mashudu ya alizeti, lusina au desmodiamu.
- Kivuli cha kudumu na maji ya kutosha mchana na usiku.
- Miadi miwili na daktari wa mifugo: mmoja kabla ya kupandisha, mwingine wa kupima mimba. Wafugaji wengi hulipia wa pili pekee, na hapo ndipo hasara huanzia.

## Siku ambazo ni lazima uzijue

Hatua zote zinazofuata zinategemea ratiba ya kiinitete chenyewe, kwa hiyo isome kwa utulivu. Siku ya 0 ni siku ya joto.

Yai hutungishwa ndani ya mrija wa mayai, nje ya kizazi, na kiinitete hukaa humo kikigawanyika hadi siku ya 4 au ya 5, ndipo kinapoteremka kuingia kwenye kizazi. Siku ya 7 hadi 8 kinakuwa tufe dogo lenye uwazi ndani, na siku ya 9 au 10 hutoka kwenye ganda lake laini. Kuanzia siku ya 13 hivi huanza kurefuka kwa kasi ya kushangaza: kutoka milimita chache hadi zaidi ya sentimita 10 kufikia siku ya 16 au 17. Urefu huo una kazi yake. Kiinitete hutoa protini iitwayo intaferoni tau, ambayo huzuia kizazi kisimwage homoni ya prostaglandini. Ishara hiyo ikiwa dhaifu au ikichelewa, prostaglandini huyeyusha tezi ya njano iliyoota kwenye ovari, homoni ya projesteroni inayotolewa na tezi hiyo ili kuidumisha mimba hukoma, na ng'ombe hurudi kwenye joto kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kiinitete huanza kujishikiza kwenye ukuta wa kizazi mnamo siku ya 19 hadi 20, na kondo la nyuma huendelea kujijenga wiki kadhaa baada ya hapo. Siku ya 42 viungo vyote vikuu vimeumbika, na tangu hapo wataalamu hukiita kijusi.

Kwa ufupi, kiinitete kinahitaji projesteroni ya kutosha ili kikue, na kinahitaji kukua ili kiilinde projesteroni hiyo. Karibu kila kisababishi kitakachotajwa hapa chini hudhuru kwa kuvunja upande mmoja wa mzunguko huo.

## Hatua ya 1: Soma kumbukumbu za nyuma

Kabla ya kubadili chochote, hesabu siku kati ya upandishaji uliopita na joto lililofuata.

Akirudi kati ya siku ya 18 na 24, ama yai halikutungishwa au kiinitete kilikufa kabla ya siku ya 16. Kwa macho hakuna namna ya kutenganisha hayo mawili. Akirudi kati ya siku ya 25 na 35, shuku kwamba kiinitete kiliwahi kutoa ishara yake kisha kikafa baadaye, au kwamba ng'ombe alipandishwa wakati hakuwa kwenye joto la kweli. Siku 36 hadi 48 mara nyingi humaanisha joto moja la katikati halikuonekana, ingawa kifo cha kiinitete kilichochelewa nacho hutoa picha hiyo hiyo. Akirudi kabla ya siku ya 17, joto moja kati ya mawili hayo halikuwa la kweli, au ovari zina tatizo linalohitaji daktari.

Asiye na kumbukumbu aanze kuziandika leo na asijaribu kukisia za nyuma. Tarehe ya kubahatisha ina madhara kuliko ukurasa mtupu, kwa sababu utaitegemea.

## Hatua ya 2: Hakikisha kizazi kimepona

Baada ya kuzaa, kizazi huhitaji takriban siku 40 kurudi katika ukubwa wake, na ngozi yake ya ndani huhitaji muda zaidi ili iweze kulisha kiinitete kingine. Usipandishe kabla ya siku ya 50 hadi 60, hata kama joto limeonekana wazi na jirani anakuhimiza.

Ng'ombe aliyezaa kwa shida, aliyezaa mapacha, au ambaye kondo la nyuma lilichelewa kutoka zaidi ya saa 24, achunguzwe na daktari kabla ya kupandishwa. Kizazi chenye uvimbe huwa na prostaglandini na chembe za kinga ambazo huua kiinitete kinapoteremka siku ya 5. Uvimbe huo unaweza kuwapo bila usaha wowote kuonekana nje.

Onyo: usivute kondo la nyuma kwa mkono. Kulivuta huchana ngozi ya kizazi na kuacha vipande ndani, na madhara yake utayaona miezi miwili baadaye katika umbo la ng'ombe asiyeshika.

Utajua hatua hii imefanikiwa iwapo ute wa joto ni mwangavu kama maji ya yai bichi na unavutika bila kukatika. Ute wenye mawingu, chembe nyeupe au harufu ni sababu ya kuahirisha upandishaji na kumwita daktari.

## Hatua ya 3: Rekebisha hali ya mwili miezi mitatu kabla

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu matokeo yake hayaonekani wiki ile ile. Yai litakalotoka leo lilianza safari ya kukua kwenye ovari takriban miezi 3 iliyopita. Iwapo wakati huo ng'ombe alikuwa akiyeyusha mafuta yake ili atoe maziwa, yai hilo limekulia katika damu yenye mafuta mengi na sukari kidogo, na kiinitete kitakachotokana nalo huwa dhaifu tangu mwanzo. Pumba za wiki moja kabla ya kupandisha haziwezi kulirekebisha.

Tumia kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 5 ni unene wa kupindukia. Simama nyuma ya ng'ombe, kisha bonyeza mbavu fupi za kiunoni kwa vidole. Kwenye 3 utazigusa kwa kubonyeza kidogo na ncha zake zimeviringika. Kwenye 2 ncha zinaonekana kwa macho na ngozi imebonyea kati yake. Lenga ng'ombe azae akiwa kati ya 3 na 3.5, na asipoteze zaidi ya nusu alama kati ya kuzaa na kupandishwa. Aliyezaa akiwa mnene sana hatakuwa salama pia, kwani hupoteza hamu ya kula baada ya kuzaa na kukonda haraka kuliko mwenzake.

Ongeza chakula cha nguvu polepole, katika muda wa wiki mbili au zaidi baada ya kuzaa, na ugawe katika milo mitatu au minne kwa siku ili tumbo lisichachuke. Majani yawe bora kabla hujafikiria mifuko ya chakula: mabingobingo yaliyokatwa yakiwa na urefu wa mita moja au kidogo zaidi yana manufaa kuliko yale yaliyoachwa hadi yakawa miti. Mpe maji bila kipimo; ng'ombe anayekamuliwa huhitaji lita 4 hadi 5 za maji kwa kila lita ya maziwa, na upungufu wa maji hupunguza ulaji siku hiyo hiyo.

Protini nayo ina mpaka wake. Mashudu mengi, lusina nyingi au majani machanga sana ya mwanzo wa mvua, bila chakula cha nguvu cha kuyasindikiza, hutengeneza urea nyingi kwenye damu. Urea hiyo hubadilisha hali ya uchachu ndani ya kizazi katika siku ambazo kiinitete kinakitegemea kwa kila kitu. Dalili ya kuangalia ni mavi mepesi yanayotawanyika na harufu kali ya mkojo bandani. Lusina isizidi theluthi moja ya majani anayopewa. Wafugaji wa Kanda ya Ziwa, ambako mashudu ya pamba hupatikana kwa bei nafuu, wakumbuke kwamba mbegu ya pamba ina sumu ya gosipoli, ambayo ikizidi hudhuru viinitete. Changanya na mashudu ya alizeti badala ya kutegemea pamba peke yake.

Madini ya seleniamu, shaba, iodini, manganizi na fosforasi, pamoja na vitamini A, yote yana nafasi yake katika uhai wa mimba. Chumvi nzuri ya madini inayolambwa kila siku humaliza sehemu kubwa ya suala hili, na hakuna haja ya kumchoma ng'ombe sindano ya kila vitamini inayouzwa dukani.

Tupa mahindi yaliyoota ukungu. Baadhi ya kuvu wa mahindi hutoa zearalenoni, sumu inayofanya kazi kama homoni ya joto na kuvuruga mzunguko mzima.

Mafanikio ya hatua hii ni ng'ombe aliyeacha kukonda na kuanza kurudisha mwili angalau wiki tatu kabla ya kupandishwa. Kama bado anakonda, ahirisha. Najua ushauri huo unauma kwa anayehesabu siku za maziwa, lakini joto moja lililorukwa lina gharama ndogo kuliko matatu yaliyolipiwa bure.

## Hatua ya 4: Funga milango ya magonjwa

Magonjwa yanayoua mimba changa hayafanani na yale yanayoitupa ikiwa kubwa, na mfugaji anayeyachanganya hupima kitu kisichohusika.

Ya kwanza ni magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, yaani maambukizi ya kampilobakta na ya trikomonasi. Yote mawili huletwa na dume la kuazima, ambalo lenyewe halionyeshi ugonjwa wowote. Majike hushika, hupoteza kiinitete baada ya wiki kadhaa, kisha hurudi kwenye joto kwa siku zisizo na mpangilio. Ukiona hali hiyo kwa ng'ombe zaidi ya mmoja waliopandwa na dume moja, acha kulitumia dume hilo mara moja na uhamie kwenye uhimilishaji, kisha wape majike mapumziko ya miezi kadhaa kwa ushauri wa daktari.

Brusela, kwa upande wake, kwa kawaida hutupa mimba kuanzia mwezi wa 5 na kuendelea, hivyo si maelezo mazuri ya ng'ombe anayerudi siku ya 21. Hata hivyo pima, na ndama jike wachanjwe wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 8 pale chanjo inapopatikana. Usiguse mimba iliyotupwa wala kondo lake kwa mikono mitupu, na chemsha maziwa, kwa maana ugonjwa huu humwambukiza binadamu.

Homa yoyote kali ni hatari kwa kiinitete, iwe ni ndigana kali, ndigana baridi au homa ya kiwele. Ng'ombe akiugua kiwele katika wiki za mwanzo baada ya kupandishwa, nafasi ya mimba kudumu hupungua, kwa sababu kemikali za uvimbe huzunguka mwili mzima na kuifikia tezi ya njano. Kwa hiyo kupambana na kupe, chanjo ya ndigana kali, na usafi wa kukamua ni kazi za uzazi kama zilivyo kazi za afya. Mbwa wasile kondo la nyuma wala kunya kwenye chakula cha ng'ombe, kwani hueneza neospora, kimelea kinachotupa mimba.

## Hatua ya 5: Pandisha kwa saa sahihi

Yai hutoka takriban saa 24 hadi 32 baada ya ng'ombe kuanza kusimama akipandwa na wenzake, na huwa bora kwa saa chache tu. Mbegu huhitaji saa 6 hadi 8 ndani ya jike kabla ya kuweza kutungisha. Ukipandisha mapema mno, mbegu huchoka kabla yai halijafika. Ukichelewa, mbegu hukuta yai lililozeeka. Yai lililozeeka linaweza kutungishwa, ila kiinitete chake mara nyingi hakifiki mbali. Ndiyo maana kuchelewa ni kosa linalojificha: huonekana kama tatizo la kutoshika, kumbe ni la kutodumu.

Fuata kanuni ya kawaida. Aliyeonekana akisimama asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Angalia angalau mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 4 usiku, dakika 20 kila mara, wakati ambao hakuna kulisha wala kukamua. Chotara wenye damu ya zebu (ng'ombe wa asili wenye nundu) huwa na joto fupi ambalo mara nyingi huja usiku, na raundi ya saa 4 usiku ndiyo inayowakamata.

Ng'ombe aliye peke yake bandani hana wa kumpanda. Kwake utategemea ute, kulia, kutotulia, kupungua kwa maziwa na uke uliovimba kidogo.

Mhimilishaji anapofika, una haki ya kuangalia. Mrija wa mbegu hutoka kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi −196, na huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa angalau sekunde 30, si mfukoni wala kinywani. Kisha hukaushwa, hulindwa dhidi ya jua, na mbegu huwekwa ndani ya dakika chache, mara tu baada ya kuvuka shingo ya kizazi. Andika saa, jina na namba ya dume. Dume asiwe baba, kaka wala babu wa ng'ombe huyo: ukoo wa karibu hukutanisha vinasaba vibovu vinavyoua kiinitete. Mfano unaojulikana sana ni kasoro iitwayo HH1 kwa Holstein, iliyoenea kupitia dume mashuhuri wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1962, Pawnee Farm Arlinda Chief. Kiinitete chenye nakala mbili zake hakizaliwi.

Damu kidogo inaweza kuonekana ukeni siku ya 2 au ya 3. Wengi huichukulia kama ishara kwamba mbegu imekataliwa, wengine kwamba imeshika. Haimaanishi lolote kati ya hayo, isipokuwa kwamba joto lilikuwapo.

## Hatua ya 6: Mlinde dhidi ya hari kwa siku saba za kwanza

Katika siku 3 za kwanza kiinitete hakijajijengea uwezo wa kujikinga na hari, na mwili wa mama unaopanda kupita nyuzi 39.5 unaweza kukisimamisha hapo hapo. Kadiri siku zinavyosonga, uvumilivu wake huongezeka. Kwa hiyo ukiwa na nguvu za kufanya jambo moja tu, lifanye katika siku hizi.

Ng'ombe wa Friesian huanza kutaabika hewa inapozidi nyuzi 25 au 26, na mapema zaidi kukiwa na unyevu mwingi. Mfugaji wa Rungwe au Njombe anaweza kuipitia hatua hii kwa haraka. Wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa hana anasa hiyo, hasa kati ya Januari na Machi, na akiweza kupanga upandishaji mwingi uangukie miezi ya Juni hadi Septemba atakuwa amejipunguzia kazi.

Weka kivuli chenye paa la mita 3 au zaidi kwenda juu, lililo wazi pande zote ili upepo upite. Makuti au nyasi ni bora kuliko bati tupu. Mpe sehemu kubwa ya chakula jioni na alfajiri. Kummwagia maji husaidia pale tu penye upepo wa kuyakausha. Kwenye banda lililofungwa la pwani, maji huongeza unyevu na kumzidishia adha. Usimtembeze umbali mrefu mchana kwenda joshoni.

Pima jotoridi saa 9 alasiri, wakati hari imefikia kilele. Chini ya 39.3 ni vizuri. Hesabu pia pumzi kwa kuangalia ubavu: zaidi ya 60 kwa dakika ni dalili kwamba amezidiwa hata kama kipimajoto hakipo.

## Hatua ya 7: Siku ya 5 hadi ya 42, usibadili kitu

Katika siku hizi kiinitete kinarefuka, kinatoa ishara yake na kujishikiza. Kazi ya mfugaji ni kutovuruga, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika.

Usipunguze chakula ghafla. Wapo wanaompa ng'ombe pumba nyingi hadi siku ya kupandishwa, kisha wanazikata wakidhani kazi imekwisha. Hasa kwa mitamba (majike ambao hawajazaa), upungufu wa ghafla baada ya kupandishwa huua viinitete vingi. Kiwango kibaki kile kile kwa wiki sita.

Usimsafirishe kwa gari. Kama amenunuliwa au ni lazima ahame, mhamishe ndani ya siku 4 za kwanza au subiri hadi apite siku ya 45, tena safari iwe wakati wa ubaridi. Usimchanganye na kundi jipya, na usimkate pembe.

Dawa zinahitaji uangalifu wa pekee. Albendazoli haipaswi kutolewa katika siku 45 za kwanza za mimba. Kama minyoo inakusumbua, mpe kabla ya kupandisha au muulize daktari dawa mbadala. Sindano ya prostaglandini, ambayo baadhi huiita sindano ya kuleta joto, huyeyusha tezi ya njano na kuitoa mimba. Ng'ombe yeyote ambaye kumbukumbu zake hazieleweki asichomwe sindano hiyo kabla ya kupimwa. Wajawazito na wenye pumu wasiishike kabisa, kwani hupenya kwenye ngozi.

Utakutana pia na wauzaji wa homoni za kuongeza projesteroni siku ya 5 au baadaye. Zinaweza kusaidia baadhi ya ng'ombe chini ya usimamizi wa daktari, lakini matokeo yake hayana uthabiti, na kwa maoni yangu hazipaswi kununuliwa na mtu ambaye bado hajakamilisha hatua ya 3. Ng'ombe wa maziwa mengi huwa na projesteroni ndogo kwa sababu ini lake, kwa wingi wa chakula kinachopita humo, huisafisha homoni hiyo haraka; kwake huenda zikafaa. Kwa ng'ombe wa lita 8 anayeonekana mbavu, zitakuwa fedha iliyotupwa.

## Hatua ya 8: Mwangalie anaporudi, kisha pima mara mbili

Kati ya siku ya 18 na 24 rudia uangalizi wa mara tatu kwa siku. Kutoonekana kwa joto ni dalili njema lakini si uthibitisho.

Akionekana na joto, usikimbilie kupandisha. Wapo ng'ombe wachache wenye mimba ambao huonyesha dalili za joto, na chombo cha mhimilishaji kikipita kwenye shingo ya kizazi huua mimba iliyokuwa salama. Mwombe mhimilishaji aangalie kwanza: ute mzito wenye kunata na shingo iliyofunga ni sababu ya kusimama na kusubiri kipimo.

Kipimo cha kwanza cha ultrasaundi huwezekana kuanzia siku ya 28 hadi 30. Kwa mkono, mtaalamu mzoefu anaweza kuanzia siku ya 35 hadi 45, lakini kwa wengi siku ya 60 ni salama zaidi, na asiminye utando wa mimba changa bila sababu. Aliyepimwa siku ya 30 akakutwa na mimba apimwe tena baada ya siku ya 60, kwa kuwa sehemu ya mimba, hasa za ng'ombe wa maziwa mengi, hupotea kati ya vipimo hivyo viwili. Wafugaji wanaoruka kipimo cha pili hugundua miezi saba baadaye kwamba wamemkausha, yaani wameacha kumkamua, ng'ombe asiye na mimba.

Kijusi kinachoonekana hai baada ya siku ya 60 kina nafasi kubwa sana ya kuzaliwa.

## Hatua ya 9: Akirudi mara tatu

Usimhimilishe mara ya nne kwa mtindo ule ule. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 1, sasa ukiwa na tarehe sahihi.

Kama wote bandani wanarudi siku ya 18 hadi 24, angalia saa ya kupandisha, uhifadhi wa mbegu, hari na lishe, kwa mpangilio huo. Kama ni mmoja tu anayerudi, tatizo liko kizazini au kwenye ovari zake, na daktari amchunguze kabla ya joto lijalo. Kama wanarudi baada ya siku ya 25 bila mpangilio, chukua sampuli za damu na za uke zipelekwe maabara ya mifugo, na sitisha dume lolote lililo karibu hadi majibu yatoke.

Mtamba ambaye hajazaa huvumilia mengi kwa sababu hakamuliwi, na viinitete vyake hudumu kuliko vya ng'ombe anayekamuliwa. Kwa hiyo mtamba mwenye afya, aliyefikia asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake, akirudi mara tatu, shuku ugonjwa au kasoro ya maumbile mapema zaidi. Kwa ng'ombe mzima aliyepitia hatua zote hizi, akachunguzwa, akatibiwa, kisha akarudi tena mara mbili, hesabu gharama ya chakula chake kwa siku dhidi ya bei yake ya nyama, na umuuze angali na mwili.